Siku mbili Cork: chagua mtaa kwanza, hoteli baadaye

Wanaokwenda Cork kulala siku mbili tatu hutumia jioni nzima kulinganisha picha za vitanda, mabafu na taa za baa. Ramani wanaifungua baada ya kulipa. Kwa jiji hili utaratibu huo haufai. Hoteli maridadi zipo za kutosha, na kuanzia nyota nne kwenda juu karibu zote zina godoro la maana na shawa yenye nguvu. Kinachoharibu au kutengeneza safari fupi ni mambo ambayo picha haiyaonyeshi: hoteli iko upande gani wa mto, dirisha linatazama wapi, mlima unaanzia wapi, na umefika siku gani ya juma.

Cork ni jiji la pili kwa ukubwa katika Jamhuri ya Ayalandi, lina wakazi zaidi ya laki mbili, na katikati yake ni kisiwa. Mto Lee unaingia kutoka magharibi, unagawanyika mikono miwili, unakizunguka kitovu cha mji, kisha unaungana tena kuelekea bandarini. Ndiyo maana mtaa mkuu, St Patrick's Street, umepinda: chini yake ulipita mkono mwingine wa mto uliofunikwa karne ya 18. Kisiwa chote ni tambarare. Ukivuka daraja la kaskazini tu, ardhi inapanda ghafla, na St Patrick's Hill ni mpando wa kumtoa jasho hata mtu aliyezoea Lushoto. Ukiwa na sanduku la magurudumu na mvua inanyesha, mita mia tatu za mpando huo zitakufanya uichukie hoteli kabla hujaiona.

Mitaa ilivyo

South Mall na Oliver Plunkett Street, upande wa kusini wa kisiwa, ndiyo katikati hasa. Hapo South Mall ipo Imperial, hoteli kongwe ambayo Michael Collins, kiongozi wa mapambano ya uhuru wa Ayalandi, alilala Agosti 1922, muda mfupi kabla ya kuuawa kijijini Béal na Bláth. Soko na maduka ni dakika chache kwa miguu. South Mall ni mtaa wa mabenki na mawakili, kwa hiyo jioni hutulia. Oliver Plunkett Street, mtaa mmoja tu nyuma yake, wikendi hautulii mpaka usiku wa manane umepita. Majengo ya eneo hili mara nyingi yana vyumba vinavyotazama huku na vingine kule. Bei ni moja, usingizi si mmoja.

MacCurtain Street iko ng'ambo ya mkono wa kaskazini, chini kabisa ya mlima, kabla hujaanza kupanda. Ni mtaa wa ukumbi wa maigizo wa Everyman, migahawa, baa na hoteli ya Metropole iliyofunguliwa 1897. Kwa anayefika mara ya kwanza na anataka mji wenye pilika mlangoni pake, huu ndio mtaa wa kupendelea: stesheni ya treni haiko mbali, kituo cha mabasi cha Parnell Place ni kuvuka daraja tu, na kisiwa kizima kiko mbele yako bila kupanda popote.

Horgan's Quay, ubavuni mwa stesheni ya Kent, ni Cork mpya ya vioo na ofisi. The Dean ipo hapo, na mgahawa wake wa juu ya paa unautazama mji wote. Panamfaa anayefika kwa treni au anayetaka kwenda Cobh, mji wa bandari ulio jirani, asubuhi. Ubaya wake ni kwamba kila ukitaka kwenda mjini unatembea kama dakika kumi na tano kando ya barabara yenye magari mengi, na ukirudi usiku ni vilevile.

Western Road, kuelekea Chuo Kikuu cha Cork kilichoanzishwa 1845, ni upande wa miti na utulivu. The River Lee iko kando ya mto wenyewe, na Hayfield Manor ya nyota tano imejificha nyuma ya chuo. Kutoka hapo hadi katikati ni matembezi ya tambarare ya robo saa hivi. Wenye watoto, na wenye usingizi mwepesi, waelekee huku bila kusita. Kuna pia Montenotte, juu ya kilima mashariki ya MacCurtain Street, yenye bustani za ngazi na mandhari ambayo hoteli za chini haziwezi kukupa. Kushuka kwa miguu ni raha. Kupanda, ita teksi.

Kelele, chumba na ukumbi wa harusi

Kwa sheria za Ayalandi baa za kawaida hufunga saa tano na nusu usiku Jumatatu hadi Alhamisi, saa sita na nusu Ijumaa na Jumamosi, na saa tano kamili Jumapili, halafu wateja wanapewa nusu saa ya kumalizia vinywaji. Zenye kibali maalumu huendelea hadi saa nane na nusu usiku. Hesabu basi: chumba kinachotazama mtaa wa baa kitakuwa na mawimbi mawili ya kelele Jumamosi, la saa saba na la saa tisa, watu wakitafuta teksi na chipsi. Asubuhi yanakuja malori ya bia, na mapipa ya chuma yakiburuzwa juu ya mawe hayajui kwamba wewe ulilala saa tisa.

Kelele wanayoisahau wengi ni ya ndani. Hoteli za Ayalandi huishi kwa harusi, na harusi ya Ayalandi huendelea hadi saa nane usiku, muziki ukigonga sakafu. Ukilala Ijumaa au Jumamosi, uliza mapema kama siku hiyo ukumbi umekodiwa, na kama chumba chako kiko juu yake.

Kwa hiyo siku tatu nne kabla ya kufika andikia hoteli moja kwa moja, hata kama ulihifadhi chumba kupitia tovuti ya wakala. Ujumbe wa mistari minne unatosha: jina na tarehe, saa unayotarajia kufika, ombi la chumba cha ghorofa ya juu upande wa nyuma, mbali na lifti na ukumbi, na kama mna mtoto, ombi la kitanda chake. Usiandike tu "chumba kizuri". Kwa mtu wa mapokezi chumba kizuri ni kile chenye mandhari, na chenye mandhari ndicho kinachotazama mtaa. Waliohifadhi kupitia wakala hupangiwa vyumba vilivyobaki, na ujumbe huo ndio unaokuinua kidogo kwenye foleni.

Angalia pia aina ya chumba. Chumba cha double kina kitanda kimoja cha watu wawili, cha twin kina vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja. Marafiki wawili au mama na mwanawe wakikosea hapa, wikendi hakuna wa kuwabadilishia. Soma na ukubwa: mita za mraba 16 ni kitanda na njia ya kupita pembeni, masanduku mawili makubwa hayafunguki kwa pamoja. Kuanzia 22 hivi watu wawili wanaweza kuvaa bila kugongana viwiko.

Siku gani, na bei

Bei ya chumba kimoja Cork hupanda na kushuka kuliko bei ya nyanya. Jumapili hadi Jumatano ndiyo nafuu. Ijumaa na Jumamosi hupanda, na kukiwa na tamasha la muziki katika uwanja wa Páirc Uí Chaoimh, unaoingiza watu 45,000, vyumba vya mji mzima huisha. Vilevile wikendi ndefu, yaani zinazoishia Jumatatu ya mapumziko, hasa Jumatatu ya kwanza ya Mei, Juni na Agosti, na ya mwisho ya Oktoba.

Hiyo ya Oktoba ni kali kuliko zote kwa sababu ya tamasha la jazi. Kisa chake kinachekesha. Mwaka 1977 serikali ilianzisha mapumziko hayo mapya, na meneja masoko wa Metropole, Jim Mountjoy, akajikuta na wikendi ya kujaza vyumba. Mwaka 1978 akaleta wanamuziki wa jazi. Leo tamasha lililobuniwa kujaza vitanda ndilo linalowafanya watu wakose vitanda, na anayetaka chumba cha katikati wikendi hiyo ahifadhi miezi mingi kabla.

Ila unafuu wa Jumapili una mtego wake: English Market, sehemu ambayo peke yake inatosha kumleta mtu Cork, hufungwa Jumapili. Na migahawa midogo mingi mizuri hufunga Jumatatu, mingine na Jumanne. Ukiweza kuchagua, fika Jumanne uondoke Alhamisi. Bei iko chini, soko liko wazi, jikoni kunapikwa, na harusi ni chache.

Msimu si tatizo kubwa, maana mvua hunyesha mwaka mzima na baridi yake si ya barafu: Januari mchana nyuzi nane au tisa, Julai kumi na tisa hivi. Kinachobadilika ni mwanga. Juni jua linazama karibu saa nne usiku na kuchomoza muda mfupi baada ya saa kumi na moja alfajiri. Desemba linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi na saa kumi na nusu jioni limeshazama. Anayefunga au kusali kwa wakati ajue kwamba Isha ya Juni inaangukia usiku wa manane kasoro, na apange vinginevyo. Usinunue mwavuli. Upepo wa bandarini unaugeuza ndani nje kwenye daraja la kwanza. Koti jepesi lenye kofia ndilo linalofanya kazi.

Viza kabla ya chumba

Hili linawaponza hata wanaoishi Ulaya. Ayalandi haimo katika Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo viza ya Schengen au kibali cha kuishi Ujerumani au Uswidi hakikuingizi. Na Mtanzania au Mkenya anayeishi Uingereza kwa kibali, hata cha kudumu, bado anahitaji viza ya Ayalandi maadamu pasipoti yake ni ya nyumbani. Njia huru kati ya nchi hizo mbili ni ya raia wa Uingereza na wa Ayalandi. Mpaka kati ya Belfast, iliyo upande wa Uingereza, na Dublin hauna geti, lakini sheria iko palepale, na polisi hupanda mabasi kukagua pasipoti.

Maombi yanaanzia mtandaoni, hadi miezi mitatu kabla ya safari, kisha unapeleka pasipoti na vielelezo vikiwamo taarifa za benki za miezi sita. Ada ni euro 60 kwa kuingia mara moja na euro 100 kwa kuingia mara nyingi. Majibu huweza kuchukua wiki nyingi, kwa hiyo chumba kihifadhi kwa bei inayoruhusu kughairi bure, hata kama ile isiyorudishwa ni nafuu kwa asilimia kumi. Punguzo hilo halina maana viza ikichelewa. Viza ikitoka, angalia tena bei. Ikiwa imeshuka, hifadhi upya na ughairi ya kwanza. Kwa anayetoka Afrika Mashariki, kuunganisha ndege Amsterdam kwa kawaida kuna usumbufu mdogo kuliko London, ambako pasipoti zetu huhitaji viza hata ya kupita tu uwanjani. Wenye pasipoti ya Kongo ya Kinshasa wakumbuke kwamba Schengen nao huwataka viza ya kupita.

Kufika

Uwanja wa ndege wa Cork uko kilomita saba hivi kusini mwa jiji. Basi namba 226 linakupeleka Parnell Place na stesheni ya Kent kwa nusu saa au pungufu. Mabasi ya mjini huchukua sarafu au kadi ya nauli iitwayo Leap, si kadi ya benki, kwa hiyo kuwa na chenji. Ukitua Dublin kuna mabasi ya moja kwa moja kutoka uwanjani hadi Cork, safari ya saa tatu na nusu. Treni ni ya saa mbili na nusu na ushee, lakini inaanzia stesheni ya Heuston, upande mwingine wa Dublin kabisa. Tiketi ya treni inunue mtandaoni mapema: ni nafuu, na jina lako linaonyeshwa juu ya kiti. Gari usikodi kwa ajili ya siku mbili za mjini. Maegesho ni ya shida, na barabara ya M50 ya kuzunguka Dublin inatoza ushuru usio na kizuizi wala kibanda. Unatakiwa ulipe mtandaoni kabla ya saa mbili usiku wa kesho yake, usipolipa faini inakufuata kupitia kampuni ya kukodisha.

Vyumba kwa kawaida hutolewa kuanzia saa tisa alasiri. Ndege nyingi kutoka mbali zinakufikisha asubuhi. Mapokezi watapokea mizigo bila malipo, lakini weka nguo ya kubadili na dawa ya meno kwenye mkoba wa mkononi, ukanawe kwenye choo cha ghorofa ya chini.

Sasa suala la kadi. Hata kama umelipa chumba chote, mapokezi watataka kadi kwa ajili ya dhamana ya vinywaji na uharibifu. Pesa haikatwi, inazuiwa. Tuseme wanazuia euro 50 kwa usiku: kwa kadi ya mkopo hutahisi, lakini kwa kadi ya kawaida ya akaunti ni euro 100 zako halisi ambazo hutaweza kuzitumia, na baada ya kuondoka benki ya nyumbani inaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki mbili kuziachia. Anayesafiri na kiasi cha kubana anakwama hapa. Kadi pepe za M-Pesa zinafaa kulipia mtandaoni, ila kaunta wanataka plastiki yenye chipu, iliyoandikwa jina lililo kwenye pasipoti. Beba kadi mbili: moja ya dhamana, nyingine ya matumizi. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa euro au kwa shilingi, chagua euro. Ukichagua shilingi, aliyepanga kiwango cha kubadilishia ni mwenye mashine.

Ndani ya chumba

Ukifungua mlango, pembeni utaona kijisanduku chenye mfereji. Kadi ya mlango ikikaa humo umeme unawaka, ukiitoa chumba chote kinazimika, pamoja na chaji ya simu uliyoiacha mezani. Omba kadi ya pili na uiache humo.

Plagi ni ya pini tatu za mraba, ileile ya Tanzania, Kenya, Uganda, Omani na Dubai, kwa hiyo chaja ya nyumbani inaingia bila adapta. Anayetoka Kongo, Rwanda, Burundi au Ulaya bara ndiye wa kubeba adapta. Bafuni hakuna soketi ya kawaida. Kuna tundu dogo la pini mbili la mashine ya kunyolea, lisilofaa kwa simu wala kwa pasi ya nywele.

Choo hakina maji ya kujisafishia. Si bomba la pembeni, si ndoo, si kopo. Hata hoteli ya euro mia tatu haina. Suluhisho ni chupa laini ya kukunjwa yenye mdomo wa kunyunyiza, au kopo la plastiki la euro mbili kutoka dukani. Ukiwaomba wahudumu jagi nalo wataleta bila maswali. Mipango ya kutawadha iko vizuri zaidi kwenye bafu lenye beseni kuliko kwenye shawa ya kioo, ambayo maji yake hutoka juu ya kichwa kabla hujajiandaa. Kibla ni mashariki kuelekea kusini kidogo. Msikiti wa jiji uko kusini, Tramore Road, mbali kidogo na hoteli zote tulizozitaja, kwa hiyo Ijumaa panga basi au teksi.

Majengo ya zamani mara nyingi hayana kiyoyozi, na dirisha limefungwa kizuizi lisifunguke zaidi ya kiganja. Joto linatoka kwenye redieta yenye kifundo cha namba. Kifundo hicho hakipashi haraka zaidi ukikipeleka tano. Kinaamua tu joto liishie wapi. Weka tatu, subiri nusu saa. Watu wengi hukifungua hadi mwisho, wakaamka saa tisa usiku koo limekauka. Maji ya bomba hunyweka, lakini Cork ina mabomba ya chuma ya zamani na mara nyingine maji hutoka na rangi. Yakitoka hivyo usiyanywe, jaza chupa mgahawani.

Kwenye trei ya birika, tazama pakiti za chai. Zikiwa za Barry's, hiyo ni kampuni ya hapahapa Cork, tangu 1901, na mchanganyiko wake unaojulikana zaidi ni majani ya Kenya na Rwanda pamoja na ya Assam. Ndiyo maana ina rangi uliyoizoea. Vile vikopo vidogo vya maziwa ya kudumu vinaiharibu. Piga simu mapokezi uletewe maziwa mabichi, hawatozi. Tangawizi beba mwenyewe.

Asubuhi: hotelini au sokoni

Sahani kamili ya asubuhi ya Kiayalandi ina bekoni, soseji ya nguruwe, mayai, uyoga, nyanya ya kuchoma, na vipande viwili vya duara, kimoja cheusi na kimoja cheupe. Cheusi ni damu iliyochanganywa na mafuta ya nguruwe, shayiri na viungo. Cheupe ni kilekile bila damu. Kwa Mwislamu kuepuka nyama peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai na uyoga wa mezani mara nyingi vimekaangwa kwenye sufuria moja na bekoni, na koleo za kupakulia zinahama kutoka trei hadi trei. Agiza kutoka jikoni: mayai ya kuchemsha majini bila ganda, samaki wa salmoni wa moshi, na mkate wa kahawia wa magadi na siagi. Mkate huo na siagi ya huko vinatosha kuwa mlo. Uji wa shayiri ni salama, isipokuwa hoteli maridadi hupenda kuutia wiski na asali. Uliza kabla ya kijiko cha kwanza.

Kifungua kinywa kikilipiwa pamoja na chumba huwa nafuu kuliko kukilipia asubuhi mlangoni, ambako kinaweza kufika euro 20 au zaidi kwa mtu. Ushauri wa kweli: kilipie asubuhi moja tu, ya pili nenda sokoni.

English Market ilianza 1788 na ina milango ya Princes Street na Grand Parade. Hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Ingia kwa Princes Street, penye chemchemi ya chuma chini ya paa la vioo. Kwenye meza za samaki utakuta barafu iliyomwagwa kama kokoto, juu yake kaa wa kahawia, bangili za ngisi, na changu wasio changu, kwa majina usiyoyajua. Mbele kidogo wapo wauza utumbo. Cork hula utumbo mweupe pamoja na drisheen, soseji laini ya damu yenye rangi ya kijivu, na ni chakula ambacho hata vijana wa Cork hukitolea macho. Juu, kwenye roshani, pana mgahawa wa Farmgate unaopika vilivyonunuliwa chini. Fika kabla ya saa tano, baada ya hapo foleni ni ya chakula cha mchana.

Jioni na mapumziko ya katikati

Jikoni hufungwa mapema kuliko unavyodhani. Mgahawa ukionyesha kwamba uko wazi hadi saa tano usiku, oda ya mwisho ya chakula inaweza kuwa saa tatu, na siku za katikati ya juma mapema zaidi. Ukitua jioni, kula kwanza ndipo uoge. Bakshishi ni asilimia kumi mgahawani kama haijaongezwa kwenye bili, na baa hakuna anayeitarajia.

Watoto chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kukaa sehemu za baa baada ya saa tatu usiku, au saa nne kuanzia Mei hadi Septemba, na baa ya hoteli haisazwi. Wanaokunywa bia nyeusi wajue kwamba Guinness ni ya Dublin. Cork ina zake mbili, Beamish na Murphy's, na kuagiza mojawapo kunafungua mazungumzo. Wasiokunywa waombe Tanora, soda ya machungwa madogo ambayo ukitoka mkoa huu huioni tena. Na kama unaona haya kuagiza soda kwenye baa ya kifahari, Metropole yenyewe ilianza kama hoteli isiyouza pombe.

Ukiwa na mchana mmoja, gawa hivi: asubuhi soko, kisha panda kilima cha Shandon hadi kanisa la St Anne, la 1722. Mnara una ngazi 132, nyembamba kiasi kwamba mwenye mabega mapana hupita ubavu, na njiani unavuta kamba kupiga kengele nane mwenyewe kwa kufuata namba zilizoandikwa. Wenyeji wanaiita saa yake mwongo wa nyuso nne, kwa kuwa pande zake huwa hazikubaliani. Alasiri chukua treni ya Cobh kutoka Kent, dakika 25. Ni bandari ambayo Titanic ilitia nanga mara ya mwisho tarehe 11 Aprili 1912, nyumba za rangi zikipanda mlima chini ya kanisa kuu. Kaa upande wa kulia wa treni ukienda. Maji yanaonekana zaidi.

Siku ya kuondoka, chumba kinatakiwa saa tano au saa sita mchana kulingana na hoteli. Kuongezewa saa mbili mara nyingi hutolewa bure ukiomba usiku wa kuamkia, na hutozwa ukiomba asubuhi yenyewe. Lipa bili ukiwa umesimama kaunta, usiache ikatwe baadaye: soma mstari kwa mstari, hasa kifungua kinywa kilichokwisha kulipwa na vinywaji vya frijini, kwa sababu kusahihisha hapo ni dakika mbili, na kusahihisha kutoka Arusha au Mombasa ni barua pepe za mwezi mzima. Waombe waachie dhamana ya kadi palepale na wakupe karatasi yake. Mizigo iache kwao hadi saa ya basi.